Vidole vya Kijino

Asubuhi ile vidole vya Kijino vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyeshinda kwenye beseni, na mtoto hajaoga, na shuka kavu, na godoro kavu. Mama yake akavinusa. Dawa ya madoa. Nyumbani hawakuwa nayo hata tone.

"Umempaka nini mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Sijampaka kitu, mama."

Lakini harufu aliijua. Ilikuwa ya kazini kwake, kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, ambako yeye ni karani wa mishahara na wanawake hufua usiku kucha, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Bosi alitaka saa ziandikwe kwa namna ya kompyuta: kuingia ishirini na mbili, yaani saa nne usiku, kutoka sita, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Sasa kompyuta haijui kwamba usiku wa watu ni mmoja, yenyewe huukata katikati. Ikatoa ishirini na mbili kwenye sita, ikaleta namba chini ya sifuri, kana kwamba wale wanawake ndio wanaodaiwa. Siku hiyo Kijino alikuwa na homa, mama anataka kuwahi, basi safu yote ya kutoka akaijaza ishirini na nne, yaani saa sita usiku, akasema kesho nitarekebisha. Namba zikanyooka. Zamu ya urefu wa saa nane ikahesabiwa saa mbili tu. Mwisho wa mwezi bosi akamsifu kwa kubana matumizi, akamwongeza mshahara, na ile kesho haikufika.

"Mama Kijino," dobi mmoja mwenye kicheko kinene alimwambia mlangoni, "hiyo kompyuta yako inakula kuliko mume wangu!"

Wote wakacheka. Naye akacheka nao, Mungu amsamehe, akacheka.

Usiku baada ya asubuhi ile ya vidole mama alikesha, na saa sita ilipopita tu akasikia maji, halafu nguo ikifikichwa, fiki, fiki, taratibu, kutoka kitandani kwa mtoto, akataka kuinuka miguu ikagoma, akataka kuita ulimi ukawa mzito kama shuka lililolowa, na kwenye mwanga wa dirishani akamwona Kijino amekaa, macho yamefumbwa, viganja vinafikicha hewa, na juu ya viganja vile mikono mingine, mirefu, inavuja maji, inamwongoza kwa upole kama anayefundisha, na sauti ya kike inanong'ona, "Zamu haijaisha, mwanangu, zamu haijaisha," na haikuisha mpaka kulipopambazuka.

Bibi akamleta mganga, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi. Hakuchoma kitu. Alivishika tu vidole vya mtoto, akamtazama mama.

"Umetupa jasho la watu."

Mama akainamisha kichwa.

"Jasho likitupwa jini huliokota. Jini huyo ameliokota, na sasa anamtumikisha mwanao. Warudishie wenyewe, halafu simama mbele yao useme ulichofanya. Kwa mdomo wako. Usipunguze neno."

Akaenda. Safu akairekebisha, bosi akafoka, nyongeza ikafutwa, wanawake wakalipwa hadi senti ya mwisho. Kisha akasimama katikati ya mashine, wote wanamtazama, mikono yao imekunjamana vile vile, akafungua mdomo.

"Dada zangu," akasema, "kompyuta ilikosea."

"Si tulisema!" Yule dobi akamkumbatia kwa mikono iliyolowa. "Na wewe ndiye uliyetupigania. Mungu akutunzie huyo mtoto wako."

Usiku ule nyumba ilikuwa kimya. Si maji, si kufikicha. Mama akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa siku nyingi, akaamshwa na jua, na bibi amesimama kando ya kitanda cha mtoto, mkono mdomoni.

"Leo mikunjo ni mpaka viwikoni," bibi akanong'ona. "Mwanangu, uliwaambia?"

"Niliwaambia, mama."

"Uliwaambia yote?"

Jua lilikuwa limejaa chumbani, jirani anafagia nje, watoto wanakwenda shule, na Kijino, aliyekuwa akichezea kijiko, akakiweka chini, akafumba macho, akaanza kufikicha.