Kondoo Jikoni kwa Bibi Tansey

Kila jioni Dympna Gilmartin aliwateremsha kondoo kumi na mmoja wa baba yake kutoka mlimani na kuwafungia zizini. Jumatatu ile ya Februari 1947 baridi ilikuwa kali. Dympna, mtoto wa miaka kumi na mmoja mwenye uvivu wa kumtosha mtu mzima, aliishia nusu ya njia akageuka, akawaacha kondoo hukohuko juu.

"Umewafunga?" aliuliza baba yake, Malaki.

"Nimewafunga, Baba."

Usiku theluji ikaanza, ikaanguka siku mbili mfululizo hadi ikaziba mlango. Malaki aliota moto akimshukuru Mungu kwa kumpa binti hodari. Kila aliposifiwa, Dympna aliinamia bakuli lake la uji. Kondoo wale walikuwa na mimba. Wakifa, familia haingekuwa na kitu mwaka mzima. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia, akaungama yote huku akilia.

Malaki hakumpiga. Alichukua sepetu mbili, akampa moja. Wakachimba njia, wakatoka na fito ndefu. Kwetu kila mtu anajua kwamba pumzi ya kondoo aliyefukiwa huyeyusha kitundu kwenye theluji. Walitafuta hadi mchana, wasione kitu. Halafu, bondeni, wakaona tundu kubwa linalofuka mvuke.

"Huyu ni mnene," Malaki alinong'ona, akachomeka ufito taratibu.

"Nani anakoroga supu yangu?" sauti ikauliza kutoka chini.

Kumbe walikuwa wamesimama juu ya paa la jirani yao mjane, Nora Tansey, na lile tundu lilikuwa dohani ya kutolea moshi wa jiko lake. Sasa, kwetu mtu hafiki nyumba ya mwenzake bila kuibariki. Malaki akavua kofia, akainamia dohani.

"Mungu awabariki wote mliomo."

"Amina. Tumo kumi na wawili, Malaki, na kumi na mmoja ni wako."

Walipofukua mlango, waliwakuta kondoo wakimaliza godoro la majani la Bibi Tansey. Walikuwa wamemgongea kwa vichwa usiku wa Jumatatu, naye akawafungulia. Dympna akamkumbatia kondoo wa kwanza, akalia kwa furaha, kisha akamweleza bibi ukweli wote bila kuulizwa.

"Mjukuu wangu," Bibi Tansey alisema, "ungesema Jumatatu, baba yako angewachukua kabla chai haijapoa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imepita juu ya paa langu na kuishia kwenye supu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Kisha akamkabidhi ufagio. Kondoo kumi na mmoja walikuwa wamekaa jikoni siku tatu, na Dympna hakuhitaji kuuliza aanzie wapi.