Abiria wa Mto Mkavu

Landrova ya misheni ililalia upande wa kushoto. Haikuwa na mzigo wala abiria, ilisimama mahali tambarare mbele ya zahanati, lakini iliinama kama punda anayeonea huruma mguu mmoja.

"Springi nimebadilisha jana, Mama," dereva alisema huku akifuta mikono kwa tambara. Kila mtu alimwita Spana. "Mpya kabisa. Ni kama kuna mtu amekaa nyuma."

Nesi alicheka, maana Spana alikuwa bingwa wa utani. Spana hakucheka.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa nesi na mumewe, mchungaji, katika kituo kile cha misheni, safari ya siku nzima kutoka barabara ya lami. Walishazoea mengi: chanjo kuharibika njiani kwa joto, redio ya upepo kukoroma badala ya kusema, maji kuletwa kwa mapipa kutoka kisima cha mbali. Juma lililopita walikwama tena kwenye mto mkavu. Mchungaji akashika beleshi, akachimba mbele ya gurudumu la kushoto, mara chuma kikagonga mtungi uliofukiwa mchangani, mdomo umezibwa kwa nta. Ukapasuka. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu ya tope bichi ilipanda, na mvua haijaonekana miezi minane. Mchungaji akasukumia vigae chini ya gurudumu, gari likatoka, wakashukuru Mungu.

Tangu siku hiyo pipa la jikoni halikukaa na maji. Likijazwa asubuhi, adhuhuri ni kavu, na sakafu chini yake kavu vilevile. Nesi akiwa sebuleni alisikia mtu akimeza: gu, gu, gu. Akikimbilia jikoni, anapokewa na harufu ya tope tu.

Kisha kiu ikamwingia mchungaji. Alikunywa jagi zima kwa mkupuo, akaomba jingine. Midomo ikapasuka, mashavu yakabonyea, macho yakazama. Nesi alimpima sukari, akampima malaria, asione kitu. Akamtundikia dripu, chupa ikaisha kabla hajamaliza kubandika plasta.

"Kiu hii si yangu, mke wangu," mchungaji alinong'ona. "Mimi nakunywa, anashiba mwingine."

Spana alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Twende kwa mfinyanzi. Mambo ya mtungi ule anayajua yeye."

"Mimi? Niliyekuja kuwaambia watu wasiyaogope mambo haya?"

"Hujaambiwa uogope, Mchungaji. Umeambiwa twende."

Mfinyanzi alikuwa mama mnene mwenye ulimi mkali. Alimtazama mchungaji mara moja, akarudisha macho kwenye udongo wake.

"Umebomoa nyumba ya mtu, ulitaka akalale wapi? Amehamia kwako." Akachagua mtungi mpya na bonge la nta, akamkabidhi nesi. "Aliyevunja ndiye atakayemkaribisha, kwa kinywa chake, na amwombe radhi. Akileta kiburi, abaki naye."

"Nimwombe radhi jini?" mchungaji akasema.

"Wewe si ndiye unayefundisha watu kuombana radhi?"

Mchungaji akageuka, akaelekea garini.

Wakaondoka saa nane mchana, jua likiwaka, na kila walipokaribia mto gari lilizidi kuinama, Spana akikanyaga mafuta na injini ikilia kama inapanda mlima ilhali njia ilikuwa inateremka, harufu ya tope ikiwajaa puani, nesi akimkumbatia mumewe ambaye sasa hata machozi hakuwa nayo, na nyuma yao, kwenye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukigeukia, mtu alikuwa akimeza, gu, gu, gu, polepole, bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuzoea nyumba.

"Usitazame kioo," nesi alinong'ona.

"Nimeshatazama, Mama," Spana akajibu, na hakusema alichoona.

Mtoni mchungaji alipiga magoti, mtungi mbele yake.

"Nilikuvunjia nyumba," akasema. "Sikujua. Na nilipojua, nilijifanya sijui. Niwie radhi. Karibu ndani."

Mtungi ukazama kidogo mchangani, wenyewe. Nyuma yao springi zikaguna, Landrova ikainuka, ikasimama sawa. Nesi akaziba mdomo wa mtungi kwa nta, kisha akammiminia mumewe kikombe cha maji. Mchungaji akanywa nusu, akamrudishia.

"Yametosha," alisema. Nesi akaangua kilio kama mtoto.

Spana akachimba shimo, akaushusha mtungi ndani. Alipokuwa akiufukia, ukingo wa shimo ulibomoka, na mdomo mwingine ukajitokeza, umezibwa kwa nta. Nesi akapangusa kando yake. Mwingine. Akapangusa tena, akitambaa kwa magoti. Mitungi ilipangwa bega kwa bega, kutoka ukingo hadi ukingo, palepale magari yote yalipokuwa yakivukia.

Ngurumo ya injini ikasikika ukingo wa ng'ambo. Lori lililobeba mashine ya kuchimba visima lilikuwa likiteremka. Spana alirukaruka akipunga kofia, lakini magurudumu yalishaingia mchangani, yakazama.

Vijana wakaruka chini kwa vicheko, kila mmoja na beleshi lake.

"Msihangaike, Mchungaji!" utingo akapaza sauti, akiinua la kwake juu ya kichwa. "Hapa tunachimba, dakika tano tunatoka!"