Uso wa Anjelina

Mvua ya Julai ilikuwa na siku tisa bila kupumzika. Karmina alikaa sakafuni karibu na mlango, akishona kitandiko cha viraka. Wanawake wa Kisidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, hushona hivyo tangu zamani. Huanza pembeni, hupanga vipande vya sari kuukuu, huzunguka mpaka wafike katikati. Mama mkwe wake, Bibi Natalina, alikuwa akinywa uji wa mchele. Alikuwa na miaka themanini na minne. Kumbukumbu zilikuwa zikimvuja kama maji kwenye pakacha.

Wiki hiyo Karmina alipata kazi nzuri. Jumba la sanaa la mji wa Dharwad lingeonyesha vitambaa vya kuwakumbuka watu weusi waliosahauliwa. Kila mshonaji angemshona mtu mmoja. Karmina alimchagua Anjelina, mama yake Bibi Natalina.

Mwaka wa ndui, watu walikimbia wagonjwa wao. Anjelina aliingia kwenye kibanda cha wagonjwa, akawauguza. Aliwauguza hata wale waliokuwa wakimkataza kuteka maji kisimani kwao. Mwishowe ndui ikamchukua yeye. Hakuna barabara wala shule yenye jina lake. Ilibaki picha moja ya daktari, padri na wanawake watatu, Anjelina akiwa mmoja wao. Chini yake yaliandikwa majina ya daktari na padri. Wanawake waliandikwa "watumishi".

"Juje, ile picha iko wapi?" Karmina aliuliza.

Mumewe alikuwa ameingia tu kutoka shamba la mipopoo. "Sandukuni. Haiharibiki ile. Niliipeleka mjini ikafunikwa kwa plastiki ya moto."

Sanduku la bati lilikuwa chini, limeegemea ukuta uliolowa. Karmina alilifungua. Maji yalikuwa yamepenya pembeni mwa plastiki. Kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa mpaka mabegani mwa wale wanawake.

"Umemzika bibi yako mara ya pili," Karmina alisema.

"Nilitaka idumu."

"Basi tazama ilivyodumu!"

Akachukua kisu cha jikoni, akaanza kubandua plastiki ili aifute picha. Plastiki ilitoka. Nyuso zote tatu zikatoka nayo, vipande vipande kama maganda. Juje akakichukua kile kisu mkononi mwake, akakiweka kando. Karmina alitamani amtukane.

Kesho yake alifika Shanta, mtunza picha wa lile jumba la sanaa. Aliishika picha kwa vidole viwili, akavuta pumzi.

"Itapona?" Karmina aliuliza.

"Nyuso zimekwenda, dada. Siwezi kukudanganya."

"Ni mimi. Ni kisu changu."

"Ni sisi sote," alisema Juje. "Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye plastiki."

"Watu wengi hufanya hivyo," Shanta alisema. "Plastiki ya moto hufungia unyevu ndani, na ikishashika haitoki bila kuichubua picha. Mngeipiga picha kwa simu, mchana, kabla ya kuigusa. Je, mna nakala?"

"Hatuna."

"Yupo aliyemwona Anjelina kwa macho yake?"

Wote wakamgeukia Bibi Natalina.

"Mama," Karmina alisema, "tuambie Anjelina alikuwaje."

"Anjelina gani? Amekuja kuchukua mchele?"

Karmina akatoka nje, akasimama mvuani. Shanta akamfuata na mwavuli.

"Kila jioni alikuwa akitusimulia," Karmina alilia. "Miaka na miaka! Nasi tunamwambia, 'Mama, hiyo tumeshaisikia.' Hatukuandika hata mstari mmoja."

Shanta alikaa siku mbili. Hakumbana bikizee kwa maswali. Alimshikisha majani ya muarobaini, yale waliyoogeshewa wagonjwa wa ndui. Siku ya pili Bibi Natalina aliyanusa.

"Simama mbali, Natu," alisema kwa sauti ya mtoto. "Usinishike. Mama aliniambia hivyo, kisha akaenda. Nilimwona mgongo tu."

Hakusema zaidi, siku hiyo wala baadaye. Shanta aliandika maneno yale, jina la msemaji na tarehe.

"Mshonee uso wowote," Juje alimshauri mkewe. "Nani atajua?"

"Sisi tutajua."

Basi Karmina alimshona Anjelina akiwa amewapa watazamaji mgongo, akiingia mlango wa kibanda. Chini akashona jina lake lote kwa uzi mwekundu: Anjelina Mingel Sidi.

Huko Dharwad watu walisimama mbele ya kitambaa. Mwalimu mmoja aliuliza, "Mbona hana uso?"

"Tulichelewa," Karmina alijibu.

Aliporudi, hakungoja mvua nyingine. Kila Jumapili baada ya misa, yeye na Juje walikaa kwenye baraza la kanisa. Watu walileta picha zao. Juje alizipiga picha kwa simu mwangani. Zilizolowa walizianika kivulini, uso ukitazama juu, na zilizogandana hawakuzibandua. Karmina aliandika majina nyuma, pembeni, kwa penseli laini na mkono mwepesi. Kisha kila picha iliingia kwenye bahasha ya karatasi, ikawekwa juu, mbali na ukuta.

"Nyinyi wawili mmekuwa makarani wa wafu," jirani mmoja aliwatania.

"Leta wako kwanza, ndipo ucheke," alijibu Juje.

Mzee Pasku aliletwa amebebwa kwenye kiti. Aliwataja watu kumi na mmoja waliokuwa pichani, mmoja mmoja, pamoja na mama zao. Siku ya sita akafariki. Majina kumi na moja yakawa yameokoka.

Picha kumi na tisa hazikupata wa kuzitambua. Karmina hakuzitupa, wala hakubuni. Nyuma ya kila moja aliandika: "Hatumjui. Ukimjua, sema leo."