Mkate Mweusi wa Hanhivaara

Nguzo ya arobaini na mbili ya kuonyesha njia waliiona. Ya arobaini na tatu hawakuiona, na walipogeuka, hata ile ya nyuma ilikuwa imemezwa. Upepo ulikuwa umebadilika ghafla. Theluji iliyokuwa imelala kwa adabu tangu asubuhi sasa ilipaa kutoka ardhini na kuwachapa usoni kama mchanga.

Ilikuwa Pasaka. Kila Pasaka Tuire na kaka yake Oiva walivuka mlima Hanhivaara kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kutoka kibanda kimoja cha wasafiri hadi kingine, kilomita kumi na nane. Ah, Pasaka za miaka ile! Jua la Aprili likikuunguza pua, harufu ya lami iliyopakwa kwenye ski, na Oiva mbele akiimba vibaya bila haya. Tuire angetoa chochote leo arudishiwe siku moja tu kati ya zile, hata hii ambayo nusura imuue.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kisukari alikuwa nacho tangu akiwa na tisa. Insulini alijidunga mwenyewe, asubuhi na jioni. Sukari ikipanda, unaugua polepole. Ikishuka, huna muda. Na mwili unaofanya kazi huishusha upesi kuliko kitu chochote.

Asubuhi hiyo alifanya kosa la watu wa kwao. Alikwisha kujidunga sindano ya pajani alipoona sauna ya kibandani, chumba cha kuogea mvuke, bado ina moto, na Mfini gani ataipa mgongo sauna yenye moto? Akaingia, akakaa dakika ishirini. Joto likaifungulia dawa njia, ikamwenda mbio mwilini kabla ya wakati wake. Hayo daktari alimweleza baadaye. Pale mlimani, baada ya saa nne za kupanda, alijua tu kwamba magoti yanatetemeka na mgongo umelowa jasho katika baridi kali.

Vipande sita vya sukari vya mfukoni alikwisha kuvila kimya kimya, Oiva akiwa amempa kisogo. Mama yao alikuwa amekata shauri: ukianguka tena kwa kisukari, ski zinapanda darini na hazitashuka. Tuire aliogopa kufa, ndiyo, lakini ski kuwekwa darini aliogopa zaidi.

"Tuire! Umelala?" Oiva alipaza sauti. "Konokono ameshakupita!"

"Nyamaza."

"Una nini wewe?"

"Nimesema nyamaza! Na unatupoteza. Nguzo ziko kushoto."

"Kushoto kuna korongo, kichwa maji!"

Tuire akakata kushoto. Oiva alidhani ni ukaidi tu, maana katika ukoo wao ukaidi watu waliupata bila kuuomba. Akamfuata, akamshika mkoba. Tuire akamchapa fimbo ya ski begani. Kisha akaketi kwenye theluji, akavua glavu, akaanza kucheka.

"Vaa glavu," Oiva alisema.

"Joto."

Oiva akampapasa shingo. Ilikuwa majimaji. Hapo ndipo alipoelewa, na uso wake ukabadilika.

"Sukari yako iko wapi?"

"Nimekula."

"Yote?"

Tuire alicheka tu. Oiva akaumwaga mkoba wake. Siku Tuire alipougua, nyumba nzima iliacha utamu kwa ajili yake: jemu, biskuti, keki za Krismasi, vyote vikatoka. Oiva mwenyewe aliapa hatatia kitu kitamu kinywani, na kiapo hakukivunja. Kwa hiyo mkobani mlikuwa na soseji, siagi, chupa ya kahawa chungu na mkate mweusi wa nafaka ya rai, mkavu kama ubao. Punje moja ya sukari haikuwamo. Walimpenda hadi wakamwacha mikono mitupu.

Oiva akachimba shimo nyuma ya jiwe kubwa kwa mkia wa ski. Ski za Tuire akazisimamisha nje, zionekane. Akamwingiza dada yake ndani, akamfunika kwa koti lake, akamvunjia mkate. Taya za Tuire zilikataa. Basi Oiva akautafuna mwenyewe, akautafuna sana, mpaka ukawa uji, akautia kidogo kidogo shavuni mwa dada yake kwa kidole.

"Meza."

"Sitaki."

"Meza, la sivyo namwambia Mama umenipiga."

Tuire akameza. Tonge baada ya tonge, kaka alitafuna, dada akameza, upepo ukipita juu yao. Kila Tuire alipofumba macho, Oiva alimfinya sikio. Mkate wa rai hauna haraka ya kugeuka sukari. Hofu ya saa ile Oiva hakupenda kuizungumzia maisha yake yote.

Hatimaye Tuire akafungua macho, akakunja uso. "Mkate wako unanuka tumbaku."

Oiva akaangua kilio. Tuire hakuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Upepo ulipolegea, mngurumo wa pikipiki ya theluji ukasikika. Alikuwa Niila, mfugaji wa kulungu wa theluji, akitafuta mifugo yake iliyotawanyika. Alikuwa ameziona ski zilizosimama.

"Pasaka njema," alisema. "Mna mkutano?"

"Sukari," Oiva alisema. "Una sukari?"

Niila akamtazama Tuire mara moja, akatoa mfuko wake wote wa sukari ya kutilia kahawa bila kuuliza zaidi.

Akawapakia kwenye sleji iliyovutwa na pikipiki, chini ya ngozi za kulungu.

"Mbona hukusema?" Oiva aliuliza.

"Ungenirudisha nyumbani. Ungemwambia Mama."

Oiva akamvutia ngozi mabegani. "Ningesimama," alisema. "Basi. Ungekula, halafu tungeendelea."

Tuire alijifunika uso kwa ngozi akalia kwa kwikwi. Kumbe miaka yote ile alikuwa akimficha hali yake mtu ambaye angesimama tu.

Walirudi Pasaka iliyofuata, na nyingine ishirini na mbili baada ya hiyo, mpaka moyo wa Oiva ulipochoka, ukasimama. Siku hizi Tuire ana kidude kilichobandikwa mkononi, kinalia sukari ikianza kushuka. Ni kizuri, kimemwokoa mara nyingi. Lakini kule mlimani, anapopita peke yake, magoti yakitetemeka, kidude kikiwa bado kimya, mdomo wake hutangulia kusema kwa sauti: "Oiva, simama."