Midomo Kwenye Pazia

"Ellinor, ondoka hapo. Viti vya mbele ni vya watu wenye heshima zao."

Huyo ni Bi Amalie, aliyebakiza kidogo tu awe mama mkwe wangu. Nikakaa. Shangazi Thyra akakaa kando yangu, na wakubwa wote wa Kopenhagen mle ndani ya sinema wakageuza shingo.

"Kalala hotelini na mwigizaji, na bado ana uso wa kuja," mwingine akadakia.

Barua isiyo na jina, iliyodai hayo, ndiyo iliyonimaliza. Preben, mchumba wangu na mwana wa Bi Amalie, aliitembeza mjini kote, akanivua pete ya uchumba mbele ya baba yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenialika hata chai. Sikuwa na kosa, na sikuwa na shahidi.

Taa zikazimwa, kinanda kikaanza. Ilipofika dansi ya kwenye kasri, nikamwona Preben kwenye pazia la picha, kamkumbatia Sidsel, rafiki yangu tuliyekuwa chanda na pete. Mwongozaji aliwaomba matajiri hawa wacheze nyuma ya waigizaji, akawaambia waongee lolote, maana picha haina sauti.

Wakaongea kweli.

Shangazi akasimama. Surua ilimziba masikio akiwa na miaka saba. Tangu hapo anasikia kwa macho, kwa kusoma midomo.

"'Barua niliiandika mwenyewe,'" akasema kwa ile sauti yake nzito, akimsoma Preben. "'Ningemwacha hivihivi, lawama ingekuwa yangu. Sasa kaoza yeye. Mwezi wa sita nakuoa wewe.'"

Kinanda kikanyamaza. Taa zikawashwa.

"Kiziwi huyo anazua," alisema Bi Amalie.

"Basi picha irudiwe," nikasema. "Leteni kiziwi mwingine yeyote, tuone atasoma nini."

Sidsel, aliyekaa kando ya Preben, akaangua kilio kabla hajaulizwa. Hapo watu wakajua.

Preben akanigeukia, kasawijika. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Anasemaje, shangazi?"

"Anakuomba umrudie."

Nikamtazama mwanamume niliyempenda miaka minne. Moyo uliniuma, mjinga mimi. Nikamjibu vilevile, kwa midomo mitupu, polepole.

Ukumbi mzima ukamkodolea macho shangazi. Bi Amalie akamshika mkono, sasa kwa adabu.

"Dada Thyra, amemwambia nini mwanangu?"

Shangazi akachukua mkoba wake.

"Hayo hayasemwi mbele ya watu wenye heshima zao."