Pengo Juu ya Kioo

Taa ya kijani iliwaka, na mezani hapakuwa na mtu.

Sabra aliiona akiwa na ufagio mkononi, saa ya jua la utosi, mji wa Pangani umenyamaza kwa joto. Ilikuwa nukta ndogo tu, juu katikati ya kioo cha kompyuta mpakato ya mumewe, ndani ya lile pengo jeusi ambamo kamera imekaa. Badr alikwisha kumweleza kwamba taa ile huwaka kamera inapotazama. Sasa ilikuwa ikimtazama nani? Badr alikuwa msikitini. Rahaf, binti yao wa miaka mitatu, alikaa sakafuni na mwanasesere wake, ameinua uso, anapunga mkono.

"Unampungia nani, mama?"

"Mgeni," akasema Rahaf.

Ndipo Sabra aliposikia harufu ya udi. Chetezo kilikuwa jikoni kimepinduliwa, hakina hata jivu.

Nyumba ile ya mawe ilikuwa ya Bi Zeyana, bibi yake Badr, ambaye wazee wake walitoka Omani. Katika chumba cha ndani palikuwa na kidaka kimoja, kishubaka kilichochimbwa ndani ya ukuta mnene, cha namna ambayo watu wa zamani waliwekea misahafu na vikombe vya kauri. Lakini kidaka kile hakikuwekwa kitu. Kila Alhamisi jioni Bi Zeyana alikipelekea chetezo, akakifukiza, kisha akarudi kinyumenyume bila kukipa mgongo. Alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho alimshika Sabra mkono.

"Mke wa mjukuu wangu, mle mna mgeni wa nyumba. Hataki chakula wala dhahabu. Anataka moshi wake, na anataka kuona. Usimfunike."

Sabra hakuwa msemaji. Hata kwenye shughuli za wanawake alikaa karibu na mlango, akitabasamu tu. Lakini maneno yale alimfikishia mumewe, na Badr akacheka.

"Mama Rahaf, ya bibi yamekwenda na bibi."

Kabla ya Ramadhani alikijaza kidaka kile kwa mawe na saruji, akapiga lipu, akapaka chokaa. Badr alikuwa mpiga video za harusi, na alitaka ukuta safi wa kuegemeza meza yake ya kazi. Kompyuta yenyewe aliletewa na rafiki yake Msafiri, anayepeleka nazi Mombasa kwa gari dogo kupitia Horohoro. Badr aliipenda kuliko pikipiki yake. Kitu kimoja tu kilimkera, lile pengo. Kila alipofungua kazi, maandishi ya juu yalikatika katikati.

"Kompyuta yote hii, halafu kibogoyo," alikuwa akisema. "Kama bi harusi mzuri, akicheka tu, basi, umejuta."

Jioni ile Sabra alimweleza habari ya taa.

"Programu imejifungua yenyewe," Badr akasema.

"Na harufu ya udi?"

"Ya jirani."

"Mtoto anasema mle mna mgeni, Baba Rahaf."

"Basi leo namfungia mlango."

Alikuwa amepata kiprogramu kinachopaka weusi sehemu yote ya juu ya kioo, toka pembe hii hadi pembe ile, ili pengo limezwe na weusi ule lisionekane. Akabonyeza. Utepe mweusi ukatanda juu ya kioo, umenyooka kama ukingo wa buibui.

"Haya, nioneshe pengo."

Sabra alitazama, hakuliona. Badr akamwinua Rahaf mpaka usawa wa kioo. Mtoto akatafuta kwa macho, akatafuta, midomo ikaanza kumcheza.

"Baba, umemfunika."

Ndani ya ukuta, nyuma ya lipu, kitu kiligonga mara moja, kama mtu aliyekuwa ameketi akainuka ghafla, kichwa kikagonga dari.

Kesho yake adhuhuri paka wao alikutwa kwenye kizingiti cha chumba kile. Alikuwa hai bado. Alizunguka palepale kama pia, bila sauti, na upande wa kushoto wa uso wake palikuwa na shimo safi, lisilo na damu, kama limekombwa kwa kijiko. Badr alimmalizia kwa jiwe, akamzika uani, akasema ni kunguru. Harufu ya udi ilikuwa imetoweka nyumbani, na mahali pake palikuwa na harufu ya nywele zinazoungua.

"Sabra!" Badr aliita baada ya alasiri. Hakuwa akimwita kwa jina mbele ya mtoto. "Njoo. Hebu niambie unaona nini, mimi sisemi."

Ilikuwa video ya harusi ya Kigombe aliyoipiga wiki iliyopita. Bi harusi alikuwa kitini, amejaa hina na dhahabu, na pale palipokuwa jicho lake la kushoto palikuwa na pengo jeusi la mraba, pembe zake za chini zimeviringwa. Somo aliyemfunda alikuwa nalo. Mpiga ngoma alikuwa nalo. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele walikuwa nalo wote, na ndani ya kila pengo iliwaka nukta ya kijani, na wakati ngoma ikiendelea wote pamoja, bi harusi na wageni wake, waligeuza shingo polepole wakamtazama Sabra aliyesimama mlangoni, kisha wakashusha macho kwenye kitu kilichokuwa chini ya kiuno chake. Sabra aliinama kutazama. Ni Rahaf, amejishika kwenye kanga yake.

"Kitoe hicho!" alisema Sabra kwa sauti ndogo. "Kitoe kiprogramu chako, Badr, mfunulie, kwa haki ya Mungu mfunulie!"

Badr akaweka vidole juu ya vibonye, na kabla hajabonyeza, kifuniko cha kompyuta kikajifunga kwa nguvu ya mlango wa ngome, vidole vyake vinne vikalia kama kuni kavu. Alipiga ukelele. Alivuta, havikutoka, akavuta tena akaacha ngozi na kucha. Kisha hasira ikampanda juu ya maumivu, akautwaa mchi wa kinu kwa mkono mzima, akafungua kile kifuniko kwa teke na kukiponda kioo, akaponda, huku damu ikiruka hadi kwenye chokaa, huku Sabra akilia "usivunje, ndimo alimo, usivunje," na kwa pigo la mwisho kipande kimoja kidogo cheusi, cha palepale lilipokuwa pengo, kikaruka kutoka kwenye kioo kilichopasuka na kumwingia Badr katika jicho la kushoto.

Badr hakulia. Aliudondosha mchi, akakaa kitandani kwa utulivu, mikono magotini, kama mgeni anayengoja kahawa.

"Ah," akasema, na sauti haikuwa yake. "Humu mna joto."

Sabra alimkimbiza Rahaf kwa jirani, kisha akampigia Msafiri simu. Msafiri alikuja na gari lake, akachungulia chumbani, akarudi nyuma ameshika mdomo, na bila kuuliza la pili akageuza gari kwenda Kigombe kumchukua Bi Mwatumu, fungi, mganga wa kupunga majini, anayejulikana pwani yote hadi Horohoro. Walifika muadhini akiadhini magharibi.

"Shikamoo, Bi Mwatumu," Sabra akasema, machozi yanamtiririka.

"Marahaba. Punguza kulia, mwanangu, utanizimia makaa." Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko, kifimbo cha mtobwe kwapani. "Mimi wangu huwatoa kabla ya isha, nikawahi kulala. Huyu naye atatoka."

Lakini alipoingia chumbani kicheko kilimkauka. Jicho la kushoto la Badr lilikuwa jeusi lote, halina weupe, halina mboni, na katikati yake kulikuwa na nukta ya kijani. Bi Mwatumu alitia ubani na udi kwenye chetezo, akanyunyiza marashi pembe nne za chumba, akasoma kwa muda mrefu. Moshi ulipofika kitandani ulipinda na kuelekea kwenye lile jicho.

"Uliyemo, una jina?"

"Jina langu hamtaliweza kinywani. Niiteni mgeni, alivyoniita Zeyana."

"Umeingia mwili wa mtu kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa kukosa pa kukaa, we ajuza." Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri. "Nilikuwa na kidaka changu. Kijana huyu akakiziba. Nikahamia kidirisha chake cheusi kilichokuwa mbele ya ukuta wangu. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kinaona, nikashukuru. Akakifunika, kisha akakivunja. Nimekaa nyumba hii kabla ya boriti zake. Mlitaka nikalale uani na kuku?"

"Rudi ukutani. Tutakubomolea sasa hivi."

"Bomoeni."

Msafiri alileta mtaimbo kutoka garini, na Sabra akamnyang'anya. Aliupiga ukuta ule kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Lipu ilimwagika, chokaa ikamwingia kinywani, viganja vikatoa malengelenge na malengelenge yakapasuka, lakini nyuma ya lipu hapakuwa tena na kidaka. Mawe na saruji vilikuwa vimeshikana vikawa mwamba mmoja na ukuta. Mtaimbo ulidunda na kurudi.

Kitandani kulisikika kicheko cha chini. "Mumeo fundi."

"Basi nenda baharini!" Bi Mwatumu alipaza sauti, akainua kifimbo. "Toka! Toka!"

Badr alisimama. Aliudaka mkono wa Bi Mwatumu hewani, kwa vidole vyake vilevile vilivyovunjika, akauzungusha, na mfupa ukakatika kama muhogo mkavu. Msafiri alimrukia kwa nyuma. Badr akageuza shingo kupita kiasi cha shingo ya mtu, akamng'ata sikio, akalitema sakafuni, kisha akambamiza mlangoni mpaka bawaba zikang'oka na Msafiri akalala juu ya mbao, anakoroma damu. Chetezo kikapinduka. Katika moshi na harufu ile ya nywele zinazoungua, Sabra alisikia nyayo ndogo ukumbini, pata, pata, zikija bila haraka, na moyo wake ukajua kabla ya macho yake.

Rahaf alisimama pale palipokuwa mlango. Jirani alikuwa akimwita huko nje kwa sauti ya hofu. Mtoto hakusikia. Jicho lake la kushoto lilikuwa wazi, halipepesi, na tone moja la damu lilikuwa likishuka kutoka kwenye kona yake hadi shavuni.

"Pa huyu pazuri zaidi," ikasema ile sauti, na Badr akapiga magoti mbele ya bintiye, akaweka kidole gumba chini ya kope yake kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kuchomoa lulu. "Jicho jipya. Halijauona msiba hata mmoja. Nitaona nalo miaka mingi."

Sabra aliutupa mtaimbo. Alipiga magoti katikati ya mumewe na mwanawe, uso wake karibu na lile jicho jeusi hata nukta ya kijani ikamchoma.

"Kaa hapohapo ulipo," alisema.

"Sabra!" Bi Mwatumu alilia kutoka sakafuni. "Usimwahidi! Jini akiahidiwa hana kusahau!"

"Kaa kwa baba yake," Sabra alisema tena, wala sauti haikutetemeka. "Umekwisha kuingia, kaa. Moshi wako utaupata kila Alhamisi kwa mkono wangu. Na sitakufunika. Mtoto muache."

Kidole gumba kilibaki pale chini ya kope. Kisha, kutoka ndani ya mwili ule, sauti ya Badr mwenyewe, ndogo, ya mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima, ikasema: "Mama Rahaf, usi—"

"Nimekubali," akasema mgeni.

Jicho la kushoto la Badr likapasuka. Likamwagika shavuni kama yai, na kile kipande cheusi kikadondoka sakafuni, kikavu, kioo tu. Badr alianguka akipiga kelele zake mwenyewe, kelele za mtu, na Rahaf akapepesa macho yake mawili, akaanza kulia, akataka abebwe.

Mkono wa Bi Mwatumu ulifungwa hospitali. Hakurudi Pangani, na watu wakimwuliza habari ya nyumba ile husema kazi ile hakuimaliza. Msafiri huvaa kofia ya kufunika masikio, hata kiangazi. Badr alipona, vidole vikakakamaa, video akaacha. Hakumbuki chochote tangu alipoushika mchi, au anasema hakumbuki.

Mji unamsengenya Sabra. Wanasema mwanamke yule aliyekuwa na haya, siku hizi ana roho ya jiwe, hamruhusu mumewe kulifunika lile tundu la jicho. Daktari alimpa kitambaa cheusi kizuri cha kufunga. Sabra akakitia motoni. Miwani nyeusi akaivunja. Mkwe wake wa kike alikuja toka Tanga kumgombeza.

"Mwanangu anatisha watoto njiani! Huna hata huruma ya kumsitiri mumeo?"

"Sina, mama," Sabra akajibu, akiinamisha kichwa.

Usiku Badr hulala kwa ubavu wa kulia, maana akilalia wa kushoto, tundu likazibwa na mto, Rahaf huamka chumba cha pili akilia kwamba jicho linamwuma.

Na kila Alhamisi jioni, baada ya kufunga madirisha, Sabra hutia makaa kwenye chetezo, udi juu yake, akakiinua mbele ya uso wa mumewe. Badr hukaa kimya kwenye kiti, mikono magotini. Moshi hupanda umenyooka, hupinda, huingia katika lile tundu wote, hadi uzi wa mwisho, wala hautoki puani, wala hautoki kinywani. Ukiisha, Sabra huondoka chumbani kinyumenyume.