Msomaji wa Kisumu Aliyelia

Kila asubuhi, Naliaka alipomaliza kufagia uwanja na kuwasha moto, Mama alimkabidhi simu. Hakuwa na haja ya kusema ni ya nini. Naliaka alifungua ukurasa wa Facebook wenye picha ya kitabu, akapitisha kidole juu na chini.

"Kuna mtu aliyeagiza?" Mama aliuliza huku akimimina chai ya rangi.

"Hakuna, Mama. Lakini kesho tutapata habali njema."

"Habari," Mama alimsahihisha. "Ni r, Naliaka. Habari."

Mama, jina lake Awinja, alikuwa mwandishi. Hivyo ndivyo alivyojiita, na majirani wa Buyangu, kando ya msitu wa Kakamega, walicheka kila walipomsikia. Kwa miaka mingi alikuwa amekusanya hadithi alizosimuliwa na marehemu mama yake, akaziandika kwa Kiswahili huku kamusi ikiwa mapajani. Wachapishaji aliowaandikia hawakumjibu. Basi akamuuza ng'ombe wake wa maziwa, akaenda kwa mpiga chapa mjini Kakamega, akalipia kitabu yeye mwenyewe. Akakiita Hadithi za Ukingo wa Msitu.

"Awinja ameuza ng'ombe akanunua karatasi," watu walisema sokoni. Maneno hayo yalimfikia, na yalimchoma kwa sababu yalikaribia kuwa kweli. Maziwa hayakuwepo tena nyumbani, na maboksi ya vitabu yalijaa hadi chini ya kitanda.

Ukurasa ule ulifunguliwa na Sammy, mtoto wa kaka yake Mama, aliyekuwa akisomea ufundi katika chuo cha Sigalagala. "Senge," alimwambia shangazi yake siku hiyo, "siku hizi duka ni simu. Lakini watu wa mtandao wanapendanga kuona wengine wamesifu kwanza. Wakipata kimya, wanapita tu."

Kimya ndicho walichokipata. Mama aliweka picha, akaweka maelezo, akaweka nambari yake ya simu. Hakuna aliyepiga ila mtu mmoja aliyetaka kumuuzia shamba.

Mvua za alasiri zilipoanza, paa likavuja. Boksi moja likalowa, na jingine likaingiwa na mchwa. Mama alivitoa vitabu kimoja kimoja, akavianika juu ya viti, naye Naliaka akimsaidia. Walikuwa bado katika kazi hiyo Barnaba, muuza njugu, alipopiga hodi.

"Mama Naliaka, nasikia uko na karatasi mob, maboksi kwa maboksi," alisema bila aibu. "Karatasi ya kitabu ndio poa ya kufunga njugu. Haipasukangi haraka. Mimi nitanunua kwa kilo, yote."

Naliaka alidhani Mama atamfukuza kwa mwiko. Badala yake Mama aliketi juu ya boksi.

"Njoo Jumamosi," alisema.

"Mama!" Naliaka alilia. "Hadithi za Kukhu zifungiwe njugu?"

"Nimechoka, mwanangu. Kitabu kisichosomwa na mtu ni karatasi tu. Watu walisema kweli."

Usiku ule usingizi wa Naliaka uliruka. Aliwaza jinsi hadithi za Kukhu, bibi yake, zitakavyochanwa, zikunjwe, zijazwe njugu, kisha zitupwe mtaroni na mtu asiyejua hata kilichoandikwa. Mama angebaki na nini? Hana ng'ombe, hana kitabu, na kicheko cha soko zima kinamsubiri.

Alipotoka shule kesho yake, Mama akiwa bado shambani kwenye miwa, Naliaka aliichukua simu akajifungia chumbani. Alifungua akaunti yenye jina jipya, Cheptoo wa Kericho. Chini ya picha ya kitabu akaandika: "Nimefulahi sana. Watoto wangu hawalali kabla sijawasomea." Akafungua jina lingine, Kipngetich wa Bomet: "Kitabu kizuli. Nimefulahi kukinunua." Mwisho akamleta Ochieng wa Kisumu: "Hadithi ya yatima na chungu kilichopasuka imeniliza. Nililia mpaka nikafunga kitabu. Kizuli sana."

Alijua kwamba ni uongo. Alijiambia ni uongo mdogo, tena wa kumwokoa mama yake, akafuta jasho.

Uongo huo ulifanya kazi haraka kuliko alivyotarajia. Ijumaa mtu wa Nakuru alituma pesa ya nakala moja. Akafuata mama mmoja wa Webuye, kisha wengine. Mama alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Barnaba alipofika na gunia lake, aliambiwa arudi alikotoka.

"Hapa hakuna karatasi," Mama alimwambia. "Hapa kuna vitabu."

Jioni ile, Mama aliyasoma maneno ya Ochieng kwa sauti, akayarudia, na kwa furaha hakuijali l ya 'kizuli'. "Huyu wa Kisumu amenielewa," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nimeandika miaka yote hii nikimngoja mtu kama huyu." Naliaka alijidai kupuliza moto.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Haikupita hata wiki, mwanamke aliyejiita Mwalimu Jepkemboi, wa Iten, akaandika chini ya zile sifa:

"Cheptoo ni wa Kericho, Kipngetich ni wa Bomet na Ochieng ni wa Kisumu. Mbona wote wanaandika 'kizuli' au 'nimefulahi'? Walizaliwa nyumba moja? Na mbona majina yao yote yalifunguliwa siku moja? Je, kuna mtu halisi aliyekisoma kitabu hiki?"

Watu walicheka, wakasambaza. Halafu kicheko kikageuka hasira. "Tapeli," mmoja aliandika. "Rudisha pesa zetu," akaandika mwingine. "Awinja mwizi." Mama aliyasoma yote akiwa amesimama wima jikoni, na ugali ukaungua mbele yake asisikie harufu.

"Mimi mwizi?" aliuliza, kana kwamba simu ingemjibu. "Mimi niliyemuuza ng'ombe wangu?"

Jumapili hakwenda kuimba kanisani. Alilala akiutazama ukuta, akakataa chai. Alipoinuka, hasira haikumwacha akumbuke ni nani nyumbani asemaye 'habali'; alimpigia Sammy simu na kumwita nyumbani.

"Ni wewe uliyesema watu wanapenda sifa," alimwambia kijana alipoingia tu. "Nilikuamini kama mwanangu, nawe umeniuza. Usikanyage tena nyumba hii."

"Senge, haki ya Mungu, si mimi," Sammy alisema. "Mimi hata hiyo ukurasa sijaifungua tangu siku ile."

"Toka!"

Sammy aliokota kofia yake, akaanza kutoka akiwa ameinamisha kichwa. Naliaka alikuwa mlangoni. Akinyamaza, mambo yangeishia hapo, kwa kuwa hakuna aliyemshuku. Lakini Sammy hakuwa na kosa hata moja.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Mwache Sammy. Mimi ndiye niliyeandika."

Naliaka alifumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja.

"Cheptoo na watoto wake?" Mama aliuliza polepole.

"Hayupo."

"Na yule wa Kisumu? Aliyelia?"

"Hayupo, Mama. Ni mimi."

Mama aliketi. Uso wake ulionyesha uchungu kuliko siku ya mchwa, kuliko hata siku aliyoitwa mwizi. "Kwa hiyo hakuna," alisema. "Hakuna mtu aliyelia."

"Nililia mimi!" Naliaka alisema, naye akaangua kilio. "Hiyo si uongo, Mama. Nilipoisoma hadithi ya yatima nililia mpaka nikafunga kitabu. Ni kweli kabisa. Jina tu ndilo lilikuwa la uongo."

Mama aliyafuta machozi ya binti yake. Kisha akamvuta karibu.

"Basi kwa nini hukuliandika jina lako?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Mama alimgeukia Sammy, akamshika mkono. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe." Sammy aliitikia kwa kichwa, akaiweka kofia yake mezani, akaketi.

Mchana huohuo, Sammy akiwaonyesha jinsi ya kufanya, walifuta sifa zote tatu. Mama hakuandika chochote. Alimpa Naliaka simu, akasimama nyuma yake. Naliaka aliandika: "Mimi ni Naliaka, binti wa mwandishi, niko Gredi ya Saba. Zile sifa niliandika mimi kwa majina ya uongo. Mama hakujua. Anayetaka pesa yake atarudishiwa. Naombeni msamaha. Hili ninalisema kwa jina langu: niliisoma hadithi ya yatima na chungu nikalia." Chini yake Mama akaiweka hadithi hiyo yote, bure, kila mtu aisome na kuamua mwenyewe.

Waliotaka pesa zao walirudishiwa. Kejeli ziliendelea, na Naliaka alizisoma zote kwa sababu alijua ni zake. Mama alianza kuyahamisha maboksi karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kumwita tena Barnaba. Kisha Mwalimu Jepkemboi akaandika: "Aliyekubali kujiaibisha mbele ya watu, nitamwamini akisema alilia. Nitumieni kimoja."

Walingoja kwa roho juu. Hatimaye mwalimu huyo aliandika tena, na safari hii maneno yalikuwa mengi. Alisema chapa imefifia katika kurasa kadhaa. Alisema hadithi ya fisi ni ndefu mno. "Lakini nilipowasomea wanafunzi wangu ile ya yatima," alimalizia, "kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyeinuka. Nataka nakala za darasa zima."

Sifa zile zenye kasoro ndani yake ziliaminiwa. Maombi yalianza kuja, si kwa mafuriko, lakini yalikuja. Mpiga chapa alipoambiwa kuhusu zile kurasa zilizofifia, aliahidi kuzirekebisha katika toleo la pili.

Siku waliyofunga vitabu vya Iten, Naliaka alikuwa akikata utepe wa gundi Mama alipomshika bega.

"Nataka ulishike hili," alisema. "Ulitaka kunisaidia, nami najua. Lakini msaada wa uongo ulinivunja kuliko kukosa wanunuzi. Kitabu kikiwa na makosa, mpiga chapa huyarekebisha akatoa toleo jingine. Jina la mtu halina mpiga chapa. Likichafuka, utalisafisha wewe mwenyewe, mbele ya watu, kwa ukweli, nawe umeonja uchungu wake."

"Nimeonja, Mama," Naliaka alisema.

"Haya. Sasa andika hapo juu ya kifurushi vitabu vimetoka kwa nani."

Naliaka aliandika jina la mama yake, na chini yake, kwa herufi kubwa, akaandika lake.